Barua ya wazi kwa wanaosimamia biashara ya mjini: anzeni na mnunuzi wa Darajani

Waheshimiwa viongozi wa Wizara yenye dhamana ya biashara, Baraza la Manispaa Mjini, Mamlaka ya Mji Mkongwe, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na nyote mnaokaa pamoja pale linapoamuliwa lolote kuhusu mitaa ya Darajani, Mchangani, Mlandege na Mkunazini hapa mjini Zanzibar,

Assalaamu alaykum.

Ninauza kanga, vitambaa na nguo za kushonwa Mchangani, katika duka alilolianza marehemu babangu. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo hili halinihusu mimi peke yangu, na kwa sababu naamini liko ndani ya uwezo wenu. Ombi langu ni moja, na yote yatakayofuata yanatoka humo: kila mpango wa maduka ya mjini uanze na mnunuzi wa kawaida, yule anayetoka Fuoni, Bububu, Mkwajuni au Makunduchi na pesa yake ya kuhesabu, kabla haujafika kwenye jengo, maegesho na mtalii. Biashara ya mji huu imesimama juu yake, na yeye ndiye ninayemuona akipungua.

Naomba mtazame anavyonunua. Mwanamke aliyekuja kutafuta doti ya kanga haridhiki kuiona rafuni. Ataka aikunjue, ailaze juu ya meza, asome jina, kisha apitishe kitambaa baina ya vidole ajue kama ni pamba kweli au ni wanga uliotiwa kwa wingi. Anatazama pindo kama zimekaa sawa pande zote, maana kanga iliyopigwa chapa ovyo ukishaikata unabaki na kipande kimoja kimenenepa na chengine kimekonda. Anaipeleka mlangoni aione rangi kwenye jua. Ananiuliza bei ya mwisho, anatoka, anapita maduka matatu manne, na mara nyingi anarudi. Akishalipa anavuka njia hadi kwa fundi wa cherehani aliyekaa barazani, amkatie na kumpindia. Huku akisubiri ananunua uzi na vifungo, anamjaribisha mtoto viatu, anakula urojo, na kabla ya kurudi kwao anaingia sokoni kuchukua samaki na mboga. Pesa ya safari moja imeshagawika kwa watu saba wanane.

Biashara yetu iko hapo, baina ya duka na duka, katika hatua za mteja. Mwenye kanga anamlisha fundi, fundi anamlisha muuza uzi, na sote tunamlisha muuza urojo. Ukimwondoa mteja mmoja anayetembea, humpunguzii mtu mmoja tu riziki. Ndiyo maana duka zuri likiwekwa peke yake, hata liwe na vioo na kipoza hewa, halirithi shughuli iliyokuwa Darajani. Shughuli ile haihami kwa barua.

Na haikuanza jana. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904, zama za Sayyid Ali bin Hamoud, pembeni mwa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Bahari ile ikafukiwa baadaye, barabara ikapita, lakini watu wa pande mbili waliendelea kukutana pale pale walipozoea kuvukia. Wazee wetu wanakumbuka pia miaka ambayo maduka yalikuwa wazi na rafu tupu, mchele na sukari na unga vikitafutwa kwa foleni. Mwaka 1984 Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alishika urais wa Zanzibar, na milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Mzigo ukawa unatoka Dubai na kwengineko. Ikafika wakati ndugu zetu wa Bara wakivuka bahari kuja kununua televisheni, redio na vitenge kwetu, kwa sababu ushuru wetu ulikuwa nafuu, na jioni ukiwaona wanateremka bandarini Malindi na maboksi yaliyofungwa kamba. Wengi wa wenye majina makubwa katika mitaa hii walisimama kwa biashara ya zama zile.

Nafuu ile imekwisha. Viwango vya forodha vililinganishwa, na tangu mwaka 2005 tumo ndani ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki wenye ushuru wa pamoja. Sasa ni sisi tunaovuka kufuata mzigo Kariakoo. Sioni faida ya kulilia zama zilizopita, na hakuna waziri anayeweza kuzirudisha. Lakini kuna jambo dogo mnaloweza kulifanya. Kodi ya bidhaa zinazotoka Zanzibar kuingia Bara imekaa miaka mingi miongoni mwa hoja za Muungano, na viongozi wa pande zote mbili wameizungumza mara kwa mara. Mfanyabiashara mdogo anayetaka kupeleka marobota mawili Tanga anahitaji karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi: alipe nini, wapi, na aoneshe nini akifika upande wa pili. Karatasi hiyo ikibandikwa bandarini Malindi itatusaidia kuliko semina.

Lililotubadilisha zaidi ya forodha ni pahala watu wanapolala. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, Wilaya ya Mjini ina watu 219,007. Magharibi A ina 365,236 na Magharibi B ina 308,926. Maana yake, ndani ya Mkoa wa Mjini Magharibi, kwa kila watu wanne watatu wanaishi nje ya Wilaya ya Mjini. Zamani mteja alitoka Kikwajuni, Kisiwandui au Rahaleo kwa miguu, akarudi nyumbani kula, akatoka tena Alasiri. Mteja wa leo anaishi Kwarara au Fuoni, na kila anapofikiria kuja mjini kwanza anafikiria gari.

Ndipo lilipo suala la kituo cha daladala kilichohamishwa kutoka Darajani kwenda Kijangwani, na hili naomba mnisikilize kwa utulivu. Sidai msongamano wa zamani urudishwe. Kila aliyepita barabara ya Darajani mchana wa jua kali, gari zimebanana, makonda wanaita, moshi umetanda na mgonjwa ndani ya teksi hana pa kupita, anajua kwamba hali ile isingeweza kuendelea. Kuzipeleka daladala Kijangwani kulikuwa na sababu. Lakini hesabu ya upande wa pili haikufanywa. Kutoka Kijangwani hadi Darajani si mbali kwa kijana asiye na mzigo. Kwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mwengine mkononi, na kikapu cha vitu kinachomsubiri wakati wa kurudi, ni mbali ya kutosha kumfanya aseme ataagiza au atanunua huko huko kwao. Akisema hivyo mara mbili tatu, inakuwa mazoea. Kuna wateja wangu wa Mwera na Dunga ambao siku hizi naonana nao Idi kwa Idi.

Ninachoomba ni gari ndogo za kuzunguka: Kijangwani, Michenzani, Mlandege, Darajani, Malindi, na kurudi. Ziwe na nauli ya chini sana, au tiketi ya daladala ihesabike humo humo. Ziwe na nafasi ya kuweka mzigo, zisimame pahala penye kivuli na benchi, na zipite kila baada ya dakika chache ili mtu asilazimike kuchukua bodaboda na watoto wawili. Wenye maduka tuko tayari kuchangia. Nimezungumza na majirani zangu na sikumpata aliyekataa.

Majengo mapya mliyotuletea siyapuuzi. Michenzani Mall na maduka ya Darajani Souk yameupa mji sura, na mtu anapata choo safi, taa na pahala pa kuegesha gari. Vijana wanapenda kukaa humo jioni, na ni haki yao. Hofu yangu ni pale jengo linapochukuliwa kuwa ndiyo biashara. Mlango wenye kioo na umeme wa kipoza hewa una kodi yake, na kodi hiyo haibebwi na muuza uzi wala mpinda kanga. Atakayeweza kuilipa ni muuza simu, manukato ya bei kubwa, nguo za maharusi. Nao ni wafanyabiashara wenzetu, tunawatakia kheri. Ila mkikusanya wa aina moja tu mnaukata ule mnyororo wa mteja anayetembea, na hata wao watakaa wakitazamana, kwa sababu aliyekuwa akipita akielekea kwa fundi na kugeuza macho dirishani mwao hatapita tena.

Kodi ya milango, yaani ya vyumba vya maduka tunavyopanga, ndiyo inayotuumiza usiku na mchana. Mwenye mlango ninaokodi, ambaye sitamtaja, aliniletea mkataba mpya wa mwaka mmoja pahala pa ule wa miaka mitatu niliouzoea. Kodi imepanda, na anataka ya mwaka mzima ilipwe kwa mkupuo. Kuna wenzangu wanaodaiwa na kilemba juu yake, pesa ambayo haiandikwi popote na wala haina risiti. Aliye nje ya biashara ataona ni makubaliano ya watu wawili, Serikali inahusikaje? Inahusika kwa njia hii. Mkataba wangu unaisha Rajab, miezi miwili kabla ya Ramadhani. Pesa niliyoiweka kununulia mzigo wa Ramadhani ndiyo nitakayoitoa kulipia mlango. Nitaingia Ramadhani na rafu nusu, mteja akija hakuti rangi anayoitaka, na Idi ikipita nimeuza kidogo wakati ambao ningeuza sana. Mwenye mlango naye mwakani anapata mpangaji aliyechoka. Kodi ikilipwa kwa miezi mitatu mitatu, na mkataba ukaandikwa kwa muda unaomwezesha mtu kupanga, pesa ile ile inazunguka mara tatu kabla ya kumfikia mwenye mlango, na anaipata yote.

Hapa nawageukia hasa Kamisheni ya Wakf na wanaosimamia nyumba za Serikali. Nyinyi si watazamaji katika hili. Nyinyi ni wenye milango. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziko mikononi mwenu, na chini yake kuna maduka. Mkianza nyinyi mikataba ya miaka mitano, yenye kodi ya miezi mitatu mitatu na isiyo na kilemba, wenye milango binafsi watajikuta wanashindana nanyi kwa wapangaji wazuri. Haihitaji sheria mpya. Inahitaji fomu mpya ya mkataba.

Na katika mikataba hiyo tengeni milango ya kazi ambazo mtu wa hapa anazihitaji: fundi cherehani, fundi viatu, sonara, mshona kofia, muuza dawa za miti shamba, muuza vyombo vya jikoni. Mkitembea kutoka Mkunazini kuelekea Hurumzi na Gizenga mtaona mlango kwa mlango fulana za wageni, sumaku za friji na vinyago vinavyofanana. Simlaumu anayeviuza, ana watoto kama mimi. Mwaka 2024 waliingia nchini wageni zaidi ya 700,000, na ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini mgeni huja kwa msimu. Masika yakianza vichochoro vile vinanyamaza. Mwaka 2020 ndege za wageni ziliposita kwa sababu ya korona vilinyamaza kabisa, na aliyeendelea kununua, japo kidogo, alikuwa mwananchi. Halafu mgeni mwenyewe hakusafiri kote huko kuja kutazama sumaku. Anapomuona mzee akidarizi kofia ya viua barazani, tundu moja baada ya jengine, husimama. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na watu wanaoendelea kununua na kushona na kupatana bei ndani yake ni sehemu ya urithi huo sawa na mlango wa nakshi. Mlango una kanuni zinazoulinda. Mshona kofia hana.

Kuhusu wachuuzi, najua baadhi ya wenye maduka wenzangu hawatapenda ninavyosema. Mchuuzi akitandika mbele ya mlango wangu, mteja hapiti, na mimi nalipa kodi naye halipi. Hilo ni kweli na nimelilalamikia. Lakini nimeona pia siku wachuuzi walipoondoshwa mtaani: watu walipungua, na mauzo yangu hayakupanda, yalishuka. Anayekuja kununua hijabu ya bei ndogo kwa mchuuzi ndiye anayeingia kwangu kununua dira, lile gauni refu pana. Mwaka jana nilimuona binti akikimbizwa na fungu la hijabu mkononi. Nusu zilimdondoka ndani ya mtaro wa maji machafu, akasimama anaziangalia kwa sababu kuziokota asingeweza kuziuza na kuziacha ni mtaji wake wote. Hakuna mji unaotengenezeka kwa namna ile. Wapigieni mistari, wapeni namba, wapangieni saa, mlango wa duka na njia ya mteja viachwe wazi, ushuru wao walipe kwa simu wapate risiti. Wengi wao ni wanawake wanaosomesha watoto. Na wale waliopelekwa masoko mapya ya nje ya mji, waulizwe wameuza nini, kabla hawajahesabiwa kuwa wamefanikiwa kwa kuwa wana meza.

Simu nazo zimebadilisha mambo, sitaki kulificha. Msichana aliyeko chumbani kwake Kiembesamaki anapiga picha dira, anaziweka Instagram, bodaboda inapeleka. Mimi mwenyewe natuma picha za kanga mpya kwa wateja wangu wa WhatsApp kila mzigo unapofika. Hiyo ni riziki halali. Ila yule msichana anafuata mzigo wapi? Mchangani. Maduka ya jumla hapa yakidhoofika, naye atalazimika kuvuka bahari kwa nauli ambayo mtaji wake haubebi. Na kuna Pemba. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, ZSTC, shirika la biashara la Serikali linalonunua karafuu, ikilipa wakulima, wenzetu wa Wete, Chake na Mkoani huja kununua kwa jumla na mzigo hujaa melini. Wafanyabiashara wa Pemba wanahitaji Mchangani yenye rafu zilizojaa.

Kodi za Serikali nazitaja kwa ufupi. TRA inakusanya kodi ya mapato na ushuru wa forodha, ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar, inakusanya VAT na nyengine za ndani, Manispaa ina ada zake. Tunalipa na tutaendelea kulipa. Tunaomba makadirio yazingatie kwamba biashara ya nguo ina miezi miwili mitatu ya kuuza na mingine ya kukaa barazani, na kwamba ofisa anayekuja kukadiria duka wiki ya mwisho ya Ramadhani ameliona duka jengine kabisa na lile la mwezi wa Juni.

Basi naomba tuanze na Ramadhani ijayo, kwa sababu hapo ndipo mtaona matokeo kwa macho yenu. Kumi la mwisho, baada ya Taraweh, mitaa hii hujaa mpaka karibu na daku. Baba anabeba mtoto begani, mama anapima kanzu kwa kuiweka mgongoni mwa mwanawe, vijana wanatafuta makubadhi, udi unafukizwa mlangoni kwa muuza manukato. Kwa usiku ule tunaomba mambo manne tu: gari za Fuoni, Bububu, Mwanakwerekwe na za shamba ziruhusiwe kushusha na kupakia karibu na Darajani hadi saa saba usiku, taa za vichochoro vya Mchangani na Mlandege zitengenezwe kabla ya Shaaban kwisha, choo cha wanawake kiwe wazi na kiwe na maji, na mtaro unaofurika kila mvua ikinyesha uzibuliwe mapema. Mwaka mmoja tu. Kisha tutaleta madaftari yetu ya mauzo, ya kabla na ya baada, mlinganishe wenyewe.

Tunaomba pia kikao kabla ya mwezi wa Rajab, wakati mikataba mingi ya milango inapoisha. Waitwe wenye maduka, mafundi, wachuuzi, madereva wa daladala na wenye milango. Waitwe na wanunuzi, wanawake kutoka shehia za Magharibi na za shamba, kwa sababu katika vikao vyote nilivyohudhuria kuhusu Darajani sijawahi kumsikia mtu akiulizwa amefikaje mjini na amerudije na mzigo wake. Jumapili baada ya Alasiri inatufaa. Siku hiyo tutafunga mapema tuje.

Wabillahi tawfiq.

Mfanyabiashara wa nguo,
Mchangani, Unguja